Mtu wa Pili

Wiki niliyoaga kazini, kijana aliyerithi kiti changu aliniomba nimwachie maelezo ya sehemu ya kujisajili na kuingia katika mfumo wa hospitali ya kampuni yetu ya madini. Alitaka kurasa mbili zenye michoro. Nilimwambia nitaandika nikitulia nyumbani, na sasa nimetulia, ila michoro hakuna na kurasa mbili hazitoshi. Ukitaka kujua kila kitufe kinafanya nini, soma programu yenyewe. Nimeiwekea maelezo kwa Kifaransa safi. Mimi nataka kukueleza kitu ambacho watu hawakioni tena kwenye skrini, na jinsi kilivyoondolewa. Nina hasira, na katika umri huu sina sababu ya kujifanya sina.

Nilianza kama mpiga taipu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu vilivyonibana, nikiamini nitashinda kwenye kiti. Aliyenipokea ni Tata Nawej (tata kwetu ni baba), mkuu wa chumba cha mashine, Mlunda wa Musumba, mtu mrefu ambaye akikasirika ndipo sauti inapozidi kushuka. Aliviangalia viatu vyangu, akanipeleka moja kwa moja hospitalini na kuniweka kwenye mstari wa akina mama waliokuwa wakisubiri kadi za matibabu.

"Simama hapa," aliniambia. "Ukifika ku gishe, utakuya kunielezea bile uliona."

"Sasa tata, pale ku gishe nitaomba nini?"

"Hautaomba kitu. Utarudia nyuma ya mulongo, unaanza tena."

Nilisimama asubuhi nzima. Niliona akina mama wasiokumbuka namba ya kazi ya waume zao, wengine wakiwa wameiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mtoto, na mtoto amekinyonya kiganja mpaka tarakimu mbili zimefutika. Niliona karani wa gishe, yaani wa dirishani, akiandika majina kama alivyoyasikia, leo hivi, kesho vile, halafu akimfokea mama wa watu kwamba jina lake halimo. Nilirudi ofisini nikichechemea, nikaeleza yote. Tata Nawej alisikiliza huku akipangusa mashine kwa brashi ya kupakia rangi nyumba, maana vumbi la Kolwezi linaingia popote.

"Njo vile," alisema. "Programme inaanziaka kule mu mulongo. Haianziake ku machine."

Hiyo ndiyo shule yangu. Vyeti nilivyopata baadaye vilinisaidia, sikatai, lakini kila nilipoagizwa kutengeneza kitu kipya nilikwenda kwanza kusimama kwenye mstari wa watu watakaokitumia. Wenzangu walinitania. Waliniita Mama Mulongo, yaani Mama Mstari, na nilipopita koridoni walikuwa wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine, wamenyamaza kama watu wa komunyo. Nami nilicheka nao, kwa kuwa nilikuwa kijana na bado sikujua kwamba siku moja mzaha ule ungeniuma.

Nitaruka miaka mingi. Zilikuja mashine za maandishi ya kijani, zikaja disketi tulizozibeba ndani ya sufuria za chakula ili zisiingie mchanga, zikaja kompyuta zilizokufa kila umeme uliporudi kwa kishindo. Kampuni ilibadilisha wenyewe na majina, na kila wenyewe wapya jambo lao la kwanza la dharura lilikuwa kuweka nembo mpya kwenye skrini. Nimechora nembo nyingi. Katikati ya hayo Tata Nawej alistaafu akarudi kwao Musumba, kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha hata lori linaomba msamaha. Aliniachia ile brashi, na nimeitumia mpaka nywele zake zikabaki upande mmoja.

Ndipo wakuu wakaamua kadi za karatasi ziondoke. Kila mfanyakazi angejisajili mwenyewe kwa simu, au kwa mashine iliyowekwa mlangoni mwa hospitali, aandike mke na watoto wake, na akija kutibiwa aingie kwenye akaunti yake. Sababu walisema wazi: watu walikuwa wakiazimana kadi. Hilo lilikuwa kweli. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa hernia mara tatu kwa mwaka, kila mara akiwa na sura tofauti.

Nilifanya kazi hiyo kwa kutumia kile ninachokiita kiunzi, yaani programu iliyokwisha kutayarishwa nusu, ambayo unaijengea juu yake ya kwako. Kiunzi ni kitu kizuri, kinakupa mlango tayari: fomu ya kujisajili, ukurasa wa kuingia, na namna ya kurudisha neno la siri lililosahauliwa. Shida ni kwamba aliyeutengeneza mlango huo alimfikiria mtu fulani atakayeupita, na mtu huyo hajawahi kukanyaga Kolwezi. Ana jina la kwanza na jina la ukoo. Ana anwani ya barua pepe anayoifungua kila asubuhi. Ana simu yake peke yake, na iko mfukoni mwake.

Shika jambo moja la ufundi, kijana wangu. Ukianza mradi, badilisha kwanza muundo wa mtumiaji, kabla hujaunda hata jedwali moja. Wavivu wanamchukua mtumiaji wa kiunzi kama alivyo na kusema watamrekebisha baadaye. Baadaye wanakuta kila jedwali limeshafungwa kwake, na kumgusa ni kuvunja nyumba yote. Mimi nilimbadilisha mapema. Niliweka jina, jina la pili na jina la ubatizo, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoitwa. Niliondoa sharti la mtoto kufanana jina na baba, kwa sababu sisi mtoto tunampa jina la babu, la shangazi, au la rafiki aliyetufaa.

Barua pepe niliiacha kwanza, nikaona aibu yake. Watu wengi hawakuwa nayo, wakamwendea mwenye cyber ya karibu na soko awafungulie. Bwana yule alifungulia kikosi kizima cha madereva, wote kwa neno la siri moja alilolijua yeye. Halafu akagombana na mwenye nyumba, akahamia Likasi. Kwa muda wa mwezi hivi hakuna dereva aliyeweza kuingia bila kuulizia habari za Likasi. Nikaiondoa barua pepe, nikaweka namba ya kazi pamoja na kode, yaani namba fupi inayotumwa kwenye simu na kufa baada ya dakika chache.

Mama Mbuyi nilikutana naye mstarini. Kwetu mama wa mapacha huitwa kwa jina la mkubwa wao, na kwa Waluba wa Kasai mapacha majina yao yanajulikana kabla hawajazaliwa: Mbuyi na Kabanga. Yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kumwandika Mbuyi. Walipomwandika Kabanga, mashine ilikataa. Mkuu wa kliniki alikuwa ameniagiza niweke kizuizi: baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, basi mtoto ni yule yule ameandikwa mara mbili. Mama Mbuyi alisimama mbele ya skrini na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni.

"Mama," aliniambia, "mi nilizala babili. Batu yote ya cité, mutaa muzima, banajua. Sasa hii machine inakatala mumoya, nimupeleke wapi?"

"Yupi inamukatala?"

"Huyu. Kabanga. Njo iko anakuangalia."

Kweli alikuwa akiniangalia, kidole mdomoni, kama mtu anayesubiri maelezo ya maana. Mstari mzima ulicheka. Nilirudi ofisini nikaondoa kizuizi kile, nikarudi tena, nikamwandika Kabanga kwa mkono wangu. Mama Mbuyi alinikumbatia mbele za watu. Niseme tu, katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo siku niliyopenda mashine kuliko zote.

Lakini simu nazo zilikuwa na mambo yake. Kampuni hairuhusu simu shimoni. Tata Mbuyi, baba wa mapacha, aliendesha lori kubwa la kubeba mawe, na kama wenzake alipanda basi la kazi alfajiri akiwa mikono mitupu. Simu alimwachia Mama Feza.

Kama hujasimama pale kituo cha basi, hujui Mama Feza ni nani. Ana meza, ana paneli ya jua na betri kubwa, na chini ya meza ana makatoni ya sabuni yaliyojaa simu za watu. Umeme wa mitaani unakuja unapotaka, kwa hiyo wafanyakazi wanamwachia simu wakienda zamu, wanazichukua zimejaa wakirudi. Kila simu imefungwa mpira wenye kipande cha kitambaa, na kila mtu anajua kitambaa chake. Nyumba nyingi simu ni hiyo moja. Nilipomuuliza kama huzifungua ili kusoma kode za wake za watu waliokwama hospitalini, alinikata jicho.

"Simu ya mutu ni sawa chumba yake ya kulala," alisema. "Mi nalinda tu mulango. Habanipatiaka namba ya kufungulia, na mi siombake."

Basi, kode inakwenda kwenye simu, simu iko ndani ya katoni, imefungwa, mwenyewe yuko shimoni, mkewe yuko dirishani na mtoto mgonjwa. Niliyaona hayo kwa macho yangu asubuhi baada ya asubuhi. Kiunzi hakina jibu la hilo. Nililitengeneza mimi.

Niliongeza nafasi moja kwenye fomu ya kujisajili, nikaiita mtu wa pili. Unaandika namba yako, kisha namba ya mtu unayemwamini. Mtu huyo anapokea ujumbe na lazima ajibu kwamba amekubali. Ukiwa hauko, mhudumu wa dirishani anabonyeza kitufe, kode inakwenda kwa mtu wa pili kwenye simu yake mwenyewe, naye anapiga dirishani na kuisoma. Wewe mwenye akaunti unapata taarifa, ili ukitoka shimoni uone nani aliingia na kwa ajili ya nani. Wezi niliwafikiria, usidhani sikuwafikiria.

Sikumwelekeza mtu amchague nani. Walimchagua Mama Feza. Hakuwa peke yake, wengine waliandika mchungaji, wengine mama mkwe, lakini Mama Feza aliandikwa na wengi kupita kiasi, kwa kuwa yeye simu yake haizimiki na yeye mwenyewe haondoki pale. Alifurahi, akanunua kiti chenye mgongo. Kabanga aliposhikwa na malaria mara ya kwanza, mama yake alifika dirishani, kitufe kikabonyezwa, Mama Feza akapiga simu na kusoma kode kwa sauti ya kusomea Injili, na mtoto akatundikiwa maji. Tata Mbuyi alipotoka zamu alikuta taarifa kwenye simu, akakimbilia hospitalini, akamkuta mwanawe anakula biskuti.

Miaka ilipita hivyo, na mimi nilidhani nimeacha kitu.

Ndipo alipoletwa Monsieur Didier. Alitoka Kinshasa na kompyuta nyembamba kukagua usalama wa mifumo yote ya kampuni. Si mtu mbaya; alisalimia vizuri, aliniletea kahawa. Kwenye mkutano alimulika ukutani mchoro wenye mistari mingi sana inayokutana katika namba moja ya simu.

"Mama Charlotte, hii namba ni ya nani?"

"Ya Mama Feza."

"Mama Feza iko wapi mu organigramme ya bafanyakazi?"

"Haiko mu organigramme. Iko ku arrêt ya bus. Anachajaka simu."

Watu walicheka, na direkta wetu mpya alicheka kuliko wote. Didier hakucheka.

"Donc mutu ya inje iko na ufunguo ya akaunti ya bafanyakazi. Mama, mu métier yetu hiyo iko na jina: fraude, njo wizi."

"Iko na ufunguo juu benyewe balimupatia. Na kila mara anautumia, mwenye akaunti anaona."

"Dunia yote inafanyaka hivi: mutu moya, akaunti moya, simu moya."

"Monsieur Didier," nilimwambia, "kesho asubuhi tuende tusimame mu mulongo, mi na wewe. Asubuhi moya tu. Kisha utafanya bile unataka."

Aliangalia saa yake. Alikuwa na ndege ya kuwahi Lubumbashi. Pembeni yangu mtu alinong'ona "Mama Mulongo", na safari hii hawakujipanga koridoni, walitazama tu meza. Nilimfuata direkta ofisini kwake, nikamweleza kuhusu makatoni, kuhusu shimo, kuhusu simu moja kwa nyumba nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, uko karibu na retraite. Uanze kupumzika." Upole ule sijausamehe mpaka leo.

Wakatoa mfumo mpya. Namba ya Mama Feza ilifungiwa. Nafasi ya mtu wa pili iliondolewa kwenye skrini, pamoja na kitufe chake. Waliweka sheria: bila kode hakuna faili, bila faili hakuna daktari, na dharura inafunguliwa na mkuu wa zamu tu kwa neno lake la siri. Kama vile haikutosha, walinzi wawili walitumwa kwenye meza ya Mama Feza, wakamhoji mbele ya wateja na kupekua makatoni yake kama ya mwizi. Nilikwenda kumwona jioni ile. Alikuwa amekaa chini, kile kiti chenye mgongo amekigeuzia ukuta.

"Charlotte," aliniuliza, "mi nilibaiba batu nini?"

Nilikaa chini karibu naye.

Ilikuwa wakati wa mvua, mchana, watu wanarudi kutoka chakula. Mama Mbuyi alikuja mbio kutoka upande wa barabara ya Mutoshi, Kabanga mikononi, mtoto ameshaanza degedege. Dirishani alikuwapo Solange, binti niliyemfundisha mwenyewe kutumia mfumo. Mara mbili alikuwa ameshaonywa kwa kupitisha wagonjwa bila kode. Aliandika namba ya kazi ya Tata Mbuyi, kode ikatumwa. Alimpigia mkuu wa zamu afungue dharura. Mkuu wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji, glavu mkononi, simu yake iko kwenye koti nje. Mama Mbuyi aliazima simu ya mama mwingine akampigia Mama Feza.

Mama Feza alinisimulia mwenyewe. Aliisikia simu ya Tata Mbuyi ikilia ndani ya katoni, akaichomoa, akaiona inawaka, ina kufuli, ujumbe hausomeki. Simu yake mwenyewe, ile isiyozimika, ambayo zamani ndiyo ingepokea kode, haikuletewa kitu. Akapanda pikipiki na ile simu ameificha kifuani isilowe, akaacha meza na makatoni yote bila mlinzi, kitu ambacho hajawahi kufanya. Alipofika, kode ilikuwa imekufa. Solange alituma nyingine. Ikafika, wote wakaisikia imefika, pale pale kwenye mkono wa Mama Feza, na hakuna aliyejua namba ya kufungulia, hata Mama Mbuyi. Watu wa redio ya mgodini walikuwa wakimtafuta Tata Mbuyi kwenye lori lake.

Solange hakungoja tena. Alitoka nyuma ya dirisha, akamchukua mtoto, akasukuma mlango kwa bega. Kabanga alifia kwenye kitanda cha koridoni, daktari akiwa ameshamwinamia. Faili lake halikuwa limefunguliwa.

Kwenye kilio, wazee wa upande wa baba waliwakataza akina mama kulia kwa sauti, maana kwa desturi yao pacha haliliwi. Mama Mbuyi alikaa kwenye mkeka na yule aliyebaki mapajani, macho makavu, akitikisa goti. Mimi nilimshika mkono, nikatoka, nikalia barabarani nikielekea nyumbani, mchana kweupe, watu wakinipisha.

Uchunguzi ulifanyika. Niliagizwa kutoa kumbukumbu za mfumo, nikazitoa. Zilionyesha kode imetumwa, imefika, haikutumiwa. Ripoti ikasema mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa na mtumiaji hakujithibitisha. Nilisimama nikasema kwamba ndani ya hifadhidata namba ya mtu wa pili ya Tata Mbuyi bado ipo, imekubaliwa, imethibitishwa, na kwamba walichofanya ni kuificha tu na kuifungia. Katibu wa uchunguzi aliweka kalamu chini mpaka nilipomaliza, kisha akaichukua tena. Solange alipata barua mbili siku moja: moja kwa kumchelewesha mgonjwa, nyingine kwa kumpitisha bila kode. Sasa anauza unga sokoni, na akiniona anainamisha kichwa kama kwamba ni yeye aliyekosa. Naye Monsieur Didier aliniandikia ujumbe wa pole, mrefu, wa heshima, na mwishoni akasema kanuni ilikuwa sahihi.

Nilimpigia Tata Nawej, Musumba. Mtandao wa kule unakatika, nikarudia mara kadhaa mpaka akasikia yote. Aliuliza jambo moja.

"Bale batu, balisimama mu mulongo?"

"Hapana, tata. Hata mara moya."

Mtandao ukakatika, na hakuna kati yetu aliyepiga tena siku hiyo.

Waliniaga kwa soda na keki. Direkta alisoma hotuba akakosea mwaka niliotoka kwenye taipu. Kabla keki haijaisha nilitaka kuchukua picha za wajukuu wangu kwenye kompyuta yangu, nikakuta akaunti yangu imeshafungwa. Kwa hilo walikuwa wepesi.

Basi, kijana, maelezo uliyoyaomba ni haya. Kwenye jedwali la watumiaji kuna safu inayoitwa mtu_wa_pili. Haijafutwa. Imejaa namba, na nyingi zake ni za mwanamke mmoja. Kuirudisha kwenye skrini na kuiondolea kufuli ni kazi ya alasiri moja kwa mtu anayejua, na wewe unajua, nimekufundisha. Utakatazwa. Mimi nilikatazwa nikatii, nikabaki kusema mikutanoni, na umeona kusema kulizaa nini. Kabla hujaamua, nenda ukasimame mstarini. Vaa viatu vyako mwenyewe.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya misa, Tata Mbuyi alikuja kwangu. Shimoni hayupo tena. Aliomba akahamishiwa karakana, mahali ambapo simu inaruhusiwa, na sasa haiachi. Hata alipokunywa maji ilikuwa mkono wa pili.

"Mama Charlotte, kila mara Mbuyi anagonjwa, tunafungua ile kitu, inatuuliza: mugonjwa ni nani? Inaonyesha majina mbili. Mama yake anakatala kugusa. Anaachaka mutoto na homa, anaenda inje. Utuondoleye ile jina."

"Tata, mi sina tena mulango ya kuingilia mule."

"Sasa nani atatusaidia?"

Nikakumbuka kwamba hakunihitaji. Mwenye akaunti anaweza kumwondoa mtu wake mwenyewe. Sehemu hiyo niliiandika mimi na hawakuigusa. Nikamkalisha karibu yangu, nikamwonyesha kwenye simu yake. Fungua. Watu wangu. Yakatokea majina mawili, moja chini ya jingine, tarehe moja ya kuzaliwa. Alibonyeza la chini. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika, akaniangalia, akabonyeza ndiyo. Ukaandika kwamba ili kuthibitisha aweke kode itakayotumwa kwenye namba yake.

Kidole kilikuwa bado kiko kwenye kioo simu ilipotetemeka mkononi mwake.

"Imefika, mama," alisema, akiwa ameishika mbele ya macho yetu wote wawili. "Imefika mbiyo."